Heshima kumi za Goma, tukihesabu kutoka chini kwenda juu

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, neno heshima halina likizo. Linatajwa asubuhi mtoto anapopita mbele ya wageni bila kuwaamkia, linatajwa mchana dereva anapobishana na askari wa barabarani, na jioni liko palepale wakwe wanapohesabu mbuzi. Kila mtu analidai, tena kwa sauti: "Unipe heshima yangu!" Basi leo tulipange, mpendwa msomaji. Hizi ni heshima kumi za mji wetu, kuanzia ya kumi, inayopatikana bila jasho, mpaka ya kwanza, ambayo wengi wetu bado tunaidai.

Jambo moja kabla hatujaanza kuhesabu. Tukisema "mtoto huyu ana heshima", tunamsifu kwa kuwa anawaheshimu watu. Tukisema "mzee huyu ana heshima", maana yake watu ndio wanaomheshimu yeye. Mdogo ana heshima kwa kutoa, mkubwa ana heshima kwa kupokea. Ugomvi wangu na neno hili unaanzia hapo. Haya, twende.

10. Heshima ya kochi

Nenda harusi yoyote, mahafali yoyote, uzinduzi wowote. Nyuma kuna viti vya plastiki, mbele kuna makochi. Kochi linamngoja Honorable. Au Excellence. Au Professeur, Maître, Directeur, Pasteur. Anafika saa mbili baada ya saa iliyoandikwa kwenye kadi, ukumbi mzima unasimama, na bwana harusi aliyekuwa akitoa shukrani zake anakatizwa ili protokali ipite. Honorable aliyeshindwa uchaguzi naye ataitwa Honorable mpaka siku ya matanga yake, na siku hiyo pia kutakuwa na makochi.

Sina neno na kumkalisha mgeni pazuri. Lakini ukiona heshima inaweza kupakiwa kwenye gari na kurudishwa kwa aliyeikodisha, ujue ni ya kumi.

9. Heshima kwa amri ya rais

Wazazi wetu wanaikumbuka hii. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliipa nchi na mto Kongo jina la Zaire. Mwaka 1972 akataka majina ya Kikristo yaachwe na watu warudi kwenye majina ya mababu. "Monsieur" na "Madame" vikawekwa kando, na kila mtu akawa Citoyen au Citoyenne. Suti na tai zikatoka, abakosti ikaingia, koti lisilovaliwa na tai.

Nitasema wazi kwamba wazo lenyewe lilikuwa na uzuri wake. Waziri na mfagia barabara kuitwa kwa cheo kimoja, nani angekataa? Shida ni kwamba aliyeagiza tuwe sawa alijibakizia kiti kimoja juu ya vyote. Tarehe 24 Aprili 1990 akatangaza mwisho wa chama kimoja, tai zikarudi shingoni, na Citoyen likaanza kusahaulika midomoni. "Papa" na "Mama", ambayo hakuna rais aliyeyatungia amri, yako nasi hadi leo, na afya yao ni nzuri.

8. "Mukubwa!"

Unaitwa hivyo na mwenye pikipiki anayetaka akubebe, na kijana anayekuuzia kadi za simu, na anayetaka umwachie nafasi ya kupita. "Mukubwa, twende? Muzee, tuko pamoja! Patron, usinisahau!" Askari wa barabarani yeye ni "Chef", hata akiwa na umri wa mwanao. Ni heshima nyepesi, lakini usiidharau: inapoza joto la barabarani, na mji wenye pikipiki nyingi namna hii unahitaji kila kinachopoza.

Ila chunga, ukikataa kupanda, ukuu wako unaisha hapohapo.

7. Mikono miwili

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Zanzibar wakifika Goma hutoa "shikamoo" yao safi kabisa, kisha wanangoja "marahaba" isiyokuja. Wasituhukumu upesi. Sisi tunasema "Jambo, papa. Jambo, mama." Jambo hilohilo ambalo Mombasa linamngoja mtalii ufukweni, kwetu ni salamu ya watu wazima, ya kuingilia kanisani, benki na msibani.

Heshima yenyewe haiko mdomoni, iko mikononi. Tazama kijana aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mzee: mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unashika kigasha cha ule wa kulia, karibu na kiwiko, na kichwa kinainama kidogo. Akimpa glasi ya maji, ni vilevile. Akipokea pesa, vilevile. Mimi huusoma mkono ule wa kushoto hivi: nimeacha kila kitu, sasa hivi niko na wewe tu. Katika siku hizi ambapo mkono wa kushoto wa kila mtu una simu, hiyo ni zawadi kubwa kuliko tunavyofikiri.

Halafu kuna habari. Habari ya nyumbani, ya watoto, ya yule mgonjwa, ya kazi. Anayerukia shida yake bila kupita huko, hata kama shida ni ya kweli, amekosea mlango. Mgeni wa Ulaya huona tunapoteza muda. Muda wa nani? Ni wa huyu aliyesimama mbele yangu, na kwa wakati huo nimempa.

6. "Mama"

Kila mwanamke mzima Goma ni Mama, awe amezaa au hajazaa, na huu ni ukarimu mkubwa wa lugha yetu. Hakuna anayedai cheti. Mama wa sambaza, mama wa ndizi, mama wa sombe. Sokoni Virunga au kwenye vichochoro vya Birere, huwezi hata kuanza kujadiliana bila neno hilo: bei haishuki mpaka heshima ipande kwanza. Na ukimjulia mama wa Kinande aliyekuuzia vitunguu, ukamwambia "wasingya" badala ya aksanti, safari ijayo atakuongezea na nyanya.

Lakini mfuate mama huyohuyo asubuhi mpaka Petite Barrière, mpaka wa miguu kati yetu na Gisenyi ya Rwanda, ambako wanawake maelfu huvuka kila siku na beseni kichwani na mtoto mgongoni. Hapo anasikia nini? "Wewe! Rudi nyuma! Fungua!" Ni mwanamke yuleyule, na kati ya kibanda anakoitwa Mama na kizuizi anakoitwa Wewe si mwendo mrefu. Mji huu unakula kwa mgongo wake. Mtu aliyemkagua beseni saa kumi na mbili asubuhi atakula saa saba mchana nyanya zilizokuwa ndani ya beseni hilo. Amwite Mama mara zote mbili.

5. Heshima inayohesabiwa kwa miguu minne

Kwenye mahari, Wanande wanahesabu mbuzi. Familia nyingi za Masisi zinahesabu ng'ombe. Mjini zote mbili zinageuzwa dola, na majadiliano yanageuka mashindano ya methali. Wajomba wanakohoa. Mtu anaulizwa kwa nini mbuzi wa pili amekonda, ilhali mbuzi mwenyewe hayupo, yuko kwenye bahasha. Napenda sana siku za namna hii. Napenda upande wa kijana unavyoomba ruhusa hata ya kuketi. Mahari ni neno la shukrani kwa waliomlea binti, na Sheria ya Familia ya 1987 inaitambua.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili lingine. Sheria hiyohiyo, kwa karibu miaka 30, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga katika mambo ya kisheria. Mama aliyeendesha duka, aliyesomesha watoto, aliyejenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano kwa faida ya maharagwe, alihitaji saini ya mtu ambaye pengine hakujua hata bei ya maharagwe. Marekebisho ya Julai 2016 yaliliondoa sharti hilo. Katika maandishi mume bado ni kiongozi wa nyumba, na wapo wanaoishikilia sentensi hiyo kwa mikono miwili zaidi ya wanavyowasalimu wazee wao. "Mke wangu ananiheshimu", wanasema, wakimaanisha kwamba hasemi. Kunyamaza si heshima, jamani. Mtu anayenyamaza huenda anahesabu.

4. Sanamu na mwenye chukudu

Kwenye mzunguko mmoja wa barabara hapa mjini kuna sanamu yenye rangi ya dhahabu: mwanaume na chukudu lake. Wageni wote wanapiga picha hapo. Ni sanamu ninayoipenda kuliko zote nchini, kwa sababu si ya rais, si ya jenerali, si ya mfalme wa Ubelgiji. Ni ya mbeba mizigo.

Kwa msomaji wa mbali ambaye hajaliona: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, nayo ya mbao, yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Mbele kuna usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Mwenyewe anaweka goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha mpira kilichopigiliwa hapo ili goti lisichubuke, na mguu mwingine unasukuma ardhi. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, anachokikandamiza kwa mguu. Anateremka nacho kutoka Kibumba na magunia ya makala, ndivyo tunavyoita mkaa, au viazi, au kabichi, mzigo unaomzidi yeye mara kadhaa. Mteremko ukiisha anashuka, anainama, anasukuma. Ukimwona kwa karibu utaona goti lake: limeota sugu mahali ambapo wengine wanasugua kwa kusali.

Ndipo gari kubwa jeupe linapomjia kwa nyuma, hatua chache tu kutoka kwenye sanamu yake mwenyewe, na kumpigia honi apishe.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye mtoto na mzee. Mwenye chukudu anamwita mwenye gari "mukubwa". Ana heshima, ya ile namna ya kutoa. Mwenye gari anasikia, anafurahi, naye anadhani ana heshima, ya ile namna ya kupokea. Nani amewahi kuteremsha kioo na kusema, "Jambo, papa, pole na mzigo, pita"? Wapo, nimewaona, na kila mara barabara nzima inageuka kuwatazama. Wazee walisema mkubwa ni jalala: kila kitu hutupwa kwake, naye hupokea bila kurusha. Hiyo ndiyo kazi ya ukubwa. Kupiga honi hata mtoto anaweza.

Dhahabu ibaki kwenye sanamu. Aliye hai apewe njia.

3. Mkeka, na laini ya jetoni

Mji huu umekimbia mara nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimimina moto katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka kwenda Gisenyi na vitu walivyoweza kubeba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukafanya tena, na siku tano baadaye ikaja amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Sake, Minova, Gisenyi, kila mahali milango ilifunguliwa. Hakuna aliyekuwa na nafasi. Mwenyeji alihamia kwenye mkeka, kitanda kikapewa bibi wa watu asiowajua. Asubuhi bibi akaulizwa: "Umelala je, mama?" Kuulizwa hivyo ukiwa umepoteza nyumba, kana kwamba ni wewe uliyetembelea tu, ni heshima ya hali ya juu. Nchi nyingi tajiri hazijaifikia.

Basi kwa nini imeshika nafasi ya tatu? Kwa sababu ya kilichofuata. Vita vya Masisi na Rutshuru vilileta watu kwa maelfu na maelfu, na Goma ikazungukwa na kambi: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, na Mugunga iliyojulikana tangu zamani. Wakawa wengi kuliko mikeka. Na mtu akizidi idadi, jina lake ndilo la kwanza kupotea. Akawa "déplacé", yaani aliyehamishwa. Kule kijijini alikuwa msuluhishi wa mipaka ya mashamba, mtu ambaye kijana hakupita mbele yake na kofia kichwani. Kambini alisimama kwenye laini, jetoni ya mgao mkononi, juani, na msichana mwenye kipaza sauti akamwita kwa namba. Mara tatu, kwa sababu masikio yake ni mazito.

Najua kugawa chakula kwa umati ni kazi ngumu, na nawashukuru walioifanya. Kiti kimoja cha plastiki kwa wazee hakizuii gari la unga kupakuliwa. Kusema "Papa" kabla ya namba hakuongezi hata dakika. Februari 2025 kambi hizo zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, wengine wakiwa hawana tena pa kurudi. Walioondoka hawakukumbuka sana uzito wa unga. Walikumbuka nani aliwaita vipi.

2. Jina la tatu

Hapa sina mzaha.

Tarehe 22 Februari 2021, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, karibu na Kibumba, msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulivamiwa. Waliuawa watu watatu. Vichwa vingi vya habari duniani vilisema: balozi wa Italia auawa, pamoja na mlinzi wake. Vingine viliongeza "na dereva", bila jina.

Walikuwa Luca Attanasio, balozi. Vittorio Iacovacci, askari aliyemlinda. Na Mustapha Milambo, dereva, Mkongo, mwenzetu. Wote watatu walikuwa na familia, wote watatu walikuwa kazini. Risasi haikuwapanga kwa vyeo.

Ndiyo maana kutaja jina kumepata nafasi ya pili. Marehemu hawezi kukupigia makofi, hawezi kukupa zabuni, hawezi kukutafutia mwanao kazi. Unamtaja kwa sababu alikuwa mtu. Ukisimulia kisa hiki, na kitasimuliwa miaka mingi, taja majina matatu. Ukisimulia kuhusu waliouawa Januari 2025 mji uliposhambuliwa, ambao wajitolea wa Msalaba Mwekundu waliwazika kwa mikono yao, wengi bila kuwajua, basi sema walau hilo: kwamba kuna watu waliokataa kuwaacha barabarani. Hao wajitolea, nikikutana nao, ni mimi nitakayetoa mikono miwili.

1. Heshima inayotoka juu

Umefika. Vuta pumzi.

Mwaka 2012 vijana wa Goma walianzisha vuguvugu walilolipa jina Lucha, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupigania mabadiliko. Walikaa chini mbele ya ofisi, wakaandamana bila fimbo wala jiwe. Walitaka nini? Miongoni mwa madai yao ya mwanzo kabisa yalikuwa kazi na maji. Maji! Goma imelala kando ya Ziwa Kivu, mtoto anatoka shuleni na kubeba dumu la njano kwenda ziwani na kupanda nalo mlima wa mawe meusi, na aliyeuliza bomba liko wapi anakamatwa. Na unajua walichoambiwa vijana wale, na wakubwa, na majirani, hata na baadhi ya mama zao waliowahofia? "Hamna heshima."

Mwaka 2016 Amnesty International iliwapa, pamoja na wenzao wa Senegali na Burkina Faso na mwimbaji Angélique Kidjo, tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri. Nilifurahi nao. Lakini tuzo ya mbali haikufuta shtaka la nyumbani, maana kwetu kumwuliza mkubwa kuhusu kazi yake bado kunahesabiwa kuwa utovu wa adabu. Wenye bunduki nao wanalijua neno hili. Waasi wa M23 waliingia Goma Novemba 2012, wakatoka, wakaingia tena Januari 2025. Kabla yao na baada yao, kila anayesimamisha watu barabarani, awe na sare gani, huanza na dai lilelile: shuka, vua kofia, unipe heshima yangu.

Basi nani ana deni kwa nani? Hilo limeandikwa. Katiba yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 16 inasema binadamu ni mtakatifu, na kwamba Dola lina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Soma tena uone nani anaagizwa. Anayeagizwa kuheshimu si mama wa beseni, si mwenye chukudu, si mtoto wa dumu la njano. Ni Dola, na kila anayejiita dola. Huyo ndiye anayetakiwa kuwa na heshima kama tunavyosema kwa mtoto: ya kutoa, kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kidogo.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kwa hiyo hakuna kinachozuia kifungu cha 16 kuandikwa kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa herufi kubwa, na kubandikwa Petite Barrière, kwenye kila kizuizi cha barabara ya Sake na ya Rutshuru, na katika kila ofisi yenye mhuri. Kisibandikwe nyuma ya mgongo wa mwenye meza, maana huko hataona. Kibandikwe ukutani anakokiangalia siku nzima, juu ya kichwa cha mwananchi aliyesimama mbele yake.